Hukumu za mahakama za kimataifa na hatima ya Migingo

KISIWA cha Migingo, kilichoko katika Ziwa Victoria mkabala na ufuo wa Nyatike, Kaunti ya Migori, ni mwamba mdogo kuliko uwanja wa kandanda. Hakina mto wala shamba. Utajiri wake uko majini, kwani samaki aina ya mbuta wanaovuliwa karibu nacho hupelekwa katika viwanda vya minofu na kuuzwa hadi ng'ambo.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kisiwa hicho kimekuwa chanzo cha mvutano kati ya Kenya na Uganda. Maafisa wa usalama wa Uganda walipiga kambi huko, na wavuvi wakalalamika kwamba walikuwa wakitozwa ada na kukamatwa. Kufikia mwaka 2009, suala hilo lilikuwa limefika bungeni na katika ofisi za marais, na serikali hizo mbili zikaafikiana kutuma kikosi cha pamoja cha wapimaji.

Mjadala wa umma kuhusu Migingo huzunguka hoja tatu: kwamba wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Wakenya, kwamba Uganda ndiyo iliyotangulia kuweka polisi, na kwamba mkoloni aliacha mpaka wake kwa maandishi. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: iwapo kesi hiyo ingefikishwa mbele ya majaji, wangeipima kwa mizani gani?

Mizani hiyo haimo katika mkataba wowote mmoja. Imeundwa polepole na hukumu zilizotolewa kuhusu visiwa, mito na maziwa ya watu wengine, mengi yake yakiwa mbali sana na Kisumu. Anayetaka kujua sheria inasema nini kuhusu mwamba wa Nyatike hana budi kusoma kesi za Botswana, Kamerun, Malaysia na Greenland.

Hukumu isiyofunga, lakini hufuatwa

Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), ambayo makao yake ni The Hague, Uholanzi, ilianza kazi mwaka 1946 kama chombo cha Umoja wa Mataifa. Ina majaji 15, na ilirithi nafasi ya mahakama ya kudumu iliyoanza kazi mwaka 1922 enzi za Ushirika wa Mataifa.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Msingi ya mahakama hiyo kinasema wazi kwamba uamuzi wake hauzifungi nchi nyingine isipokuwa wahusika wa kesi, tena kwa kesi hiyo tu. Kifungu cha 38 nacho kinataja vyanzo vya sheria ya kimataifa: mikataba, desturi za mataifa na kanuni za jumla za sheria. Hukumu zimetajwa mwishoni, zikielezwa kuwa njia saidizi ya kutambua sheria ni ipi.

Kwa maandishi, basi, hukumu ni msaidizi wa sheria tu. Kwa vitendo, hali ni tofauti. Mikataba mingi hutumia maneno mapana, na desturi za mataifa hazikuandikwa popote. Jaji anapoeleza maana ya neno au kutamka kwamba desturi fulani imekuwa sheria, maelezo yake huwa ndiyo maandishi yaliyo wazi kuliko mengine yote juu ya jambo hilo. Mawakili wa kesi inayofuata huanzia hapo, na majaji nao hupendelea kutopingana na walichokisema jana.

Kwa njia hiyo, hukumu isiyomfunga mtu wa tatu huja kumpimia haki yake. Kenya na Uganda hazikuwa wahusika wa kesi yoyote kati ya zile za mipaka na visiwa zitakazotajwa hapa, isipokuwa ile iliyoikabili Kenya na Somalia. Hata hivyo, zote zingesomwa siku ambayo Migingo ingefika mahakamani.

Mpaka wa siku ya uhuru

Mji wa Kisumu ni mfano mzuri wa swali la kwanza, yaani ni mpaka wa lini unaohesabika. Reli kutoka Mombasa ilipofika katika ufuo huo mwishoni mwa mwaka 1901, mahali hapo palipoitwa Port Florence palikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Ni mwaka 1902 ambapo Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukiwemo ufuo wa Kisumu, na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya.

Historia hiyo ilifufuliwa mwezi Februari 1976, wakati Rais Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda. Kilichofuata humu nchini kilikuwa hasira na maandamano. Lakini sheria nayo ilikuwa na jibu lake.

Mwezi Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo nchi zao zilipopata uhuru. Azimio la viongozi si lazima liwe sheria. Kilicholipa nguvu ya ziada ni hukumu ya tarehe 22 Desemba 1986, katika kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali. Jopo la ICJ lilitamka kwamba kuheshimu mipaka ya siku ya uhuru si makubaliano ya Waafrika tu, bali ni kanuni ya jumla inayoambatana na kuondoka kwa mkoloni popote pale.

Tangu hapo, anayedai ardhi barani Afrika kwa kutaja ramani ya kabla ya uhuru iliyokwisha kubadilishwa huanza kesi akiwa nyuma. Kwa Kenya na Uganda, siku zinazohesabika ni Oktoba 9, 1962 na Desemba 12, 1963. Mpaka uliokuwepo siku hizo ndani ya ziwa ulikuwa ule ulioelezwa katika amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926, ambayo iliupitisha kwa kutaja visiwa kimoja baada ya kingine, kikiwemo kisiwa cha Pyramid kilicho jirani na Migingo.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya majaji isingekuwa kuhesabu watu wala bendera. Ingekuwa kusoma maneno ya mwaka 1926 na kuyapima juu ya maji.

Wavuvi hawaumbi mpaka

Hoja inayopendwa zaidi katika ufuo wa Kenya ni kwamba kisiwa ni chetu kwa sababu walioko huko ni watu wetu. Hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, lakini mbele ya majaji imeshindwa zaidi ya mara moja.

Tarehe 13 Desemba 1999, ICJ iliamua kesi ya Botswana na Namibia kuhusu kisiwa kilichoko katika Mto Chobe, ambacho Botswana hukiita Sedudu na Namibia hukiita Kasikili. Namibia ilieleza kwamba watu wa jamii ya Wasubia kutoka upande wake walikuwa wamelima katika kisiwa hicho kwa miaka mingi. Mahakama ilikubali kwamba walilima. Lakini ikasema walifanya hivyo kwa mahitaji yao wenyewe, si kwa niaba ya dola, na kulima huko hakukuhamisha mamlaka. Kisiwa kikaenda kwa Botswana.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Desemba 2002, mahakama hiyo iliamua mzozo wa Indonesia na Malaysia kuhusu visiwa vya Ligitan na Sipadan. Indonesia ilitaja wavuvi wake waliokuwa wakifika huko tangu jadi. Majaji walijibu kwamba shughuli za watu binafsi hazihesabiki kama hazikufanywa kwa kanuni za serikali au chini ya mamlaka yake. Malaysia ilishinda kwa vitu vinavyoonekana vidogo: kanuni za zamani za kudhibiti ukusanyaji wa mayai ya kasa, na minara ya taa iliyojengwa na utawala wa kikoloni uliotangulia.

Funzo kwa Nyatike, Suba na Bondo ni kwamba mvuvi mwenyewe si ushahidi wa mpaka. Ushahidi ni leseni aliyopewa na serikali yake, daftari la chombo chake, na kumbukumbu za afisa wa uvuvi aliyemkagua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Polisi na bendera

Je, nchi iliyoweka polisi na kukusanya ushuru inapata haki? Jibu la zamani lilionekana kuipendelea. Mwaka 1928, mwamuzi Max Huber alikipa Uholanzi kisiwa cha Palmas kilichodaiwa pia na Marekani. Alieleza kwamba kugundua kisiwa hakutoshi. La muhimu ni kuonyesha mamlaka ya dola humo kwa amani na kwa mfululizo.

Hukumu hiyo imesomwa na kila mwanafunzi wa sheria ya kimataifa, na huenda ndiyo inayowatia moyo wanaopandisha bendera katika visiwa vyenye utata. Lakini haikuishia hapo. Kesi ya Burkina Faso na Mali ya mwaka 1986 iliiwekea mipaka. Jopo lilipanga ngazi: pale ambapo kuna hati halali inayoonyesha ardhi ni ya nani, hati hiyo hushinda vitendo vya utawala vya jirani. Vitendo huangaliwa kwa uzito pale tu ambapo hati haipo, au haieleweki.

Ngazi hiyo ilijaribiwa katika ziwa, kwa kesi inayofanana na ya Migingo kuliko nyingine yoyote. Maji ya Ziwa Chad yalipopungua, watu kutoka Nigeria waliyafuata na kuanzisha vijiji vya uvuvi upande wa Kamerun, kikiwemo Darak. Nigeria ikawafuata watu wake kwa kuwajengea shule na zahanati, kuweka maafisa na kutoza kodi. Kisha ikadai kwamba vijiji hivyo vilikuwa vyake.

Tarehe 10 Oktoba 2002, ICJ ilikataa. Ilisema mpaka ndani ya ziwa ulikuwa umekwisha kuwekwa katika enzi ya ukoloni, kwa hivyo haki ilikuwa ya Kamerun, na huduma zilizotolewa na Nigeria hazikuweza kuiondoa bila ridhaa ya Kamerun yenyewe. Nigeria iliondoka katika vijiji hivyo mwezi Desemba 2003. Rasi ya Bakassi, iliyokuwa sehemu ya kesi hiyo hiyo, ilikabidhiwa kikamilifu mwaka 2008.

Aidha, majaji huweka alama ya wakati. Katika kesi ya Ligitan na Sipadan, walisema vitendo vilivyofanywa baada ya mzozo kukomaa havihesabiki, isipokuwa vikiwa ni mwendelezo wa kawaida wa vile vya awali. Nchi haiwezi kujitengenezea ushahidi kwa kupeleka askari zaidi baada ya jirani kulalamika.

Kimya kina bei

Hata hivyo, katika hukumu ya Ziwa Chad kuna neno moja ambalo Kenya haipaswi kulipuuza: ridhaa. Mwenye hati anaweza kuipoteza kwa kunyamaza.

Katika kesi ya hekalu la Preah Vihear, iliyoamuliwa tarehe 15 Juni 1962, Thailand ilikuwa imepokea ramani iliyoliweka hekalu hilo upande wa Kambodia. Ilikaa nayo kwa miongo mingi bila kulalamika. Mahakama iliamua kwamba ilikuwa imeikubali ramani hiyo kwa mwenendo wake.

Kesi ya mwamba wa Pedra Branca ilikwenda mbali zaidi. Majaji waliona kwamba mwamba huo, ulioko katika njia ya meli karibu na Singapore, ulikuwa awali wa Usultani wa Johor, ambao sasa ni sehemu ya Malaysia. Lakini barua ya mwaka 1953 ya afisa wa Johor ilisema usultani huo haudai umiliki, na Malaysia haikupinga vitendo vya Singapore kwa miaka iliyofuata. Tarehe 23 Mei 2008, mwamba ukawa wa Singapore.

Kenya yenyewe iliwahi kuitegemea hoja ya kimya. Katika kesi ya mpaka wa baharini, ilidai kwamba Somalia ilikuwa imeukubali kwa kunyamaza mpaka unaofuata mstari wa latitudo. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 iliikataa hoja hiyo. Mahakama ilieleza kwamba kukubali kwa kimya kunahitaji ushahidi wa kiwango cha juu, ulio wazi na usiobadilika. Mpaka ukachorwa kwa kufuata mstari wa katikati, ukasogezwa kidogo kwa manufaa ya Kenya.

Uamuzi huo ulioonekana kuwa hasara pwani una faida yake ziwani. Ikiwa Uganda ingedai kwamba Kenya iliridhia polisi wake Migingo, ingelazimika kufikia kiwango hicho hicho cha ushahidi. Hiyo ndiyo tabia ya hukumu: nchi inayoshindwa leo kwa kanuni fulani inaweza kuokolewa na kanuni hiyo kesho.

Maneno ya viongozi nayo huhesabiwa. Mwaka 1919, waziri wa mambo ya nje wa Norway alimwambia mjumbe wa Denmark kwamba serikali yake haingeleta matatizo kuhusu Greenland. Tarehe 5 Aprili 1933, mahakama ya kudumu iliyoitangulia ICJ iliamua kwamba maneno hayo ya mdomo yaliifunga Norway. Kwa msingi huo, kauli iliyoripotiwa ya Rais Yoweri Museveni mwezi Mei 2009, kwamba kisiwa kiko Kenya ila maji yanayovuliwa samaki yako Uganda, si porojo ya siasa tu. Wakili yeyote wa Kenya angeiweka katika faili yake, na wa Uganda angehangaika kuieleza.

Mlango wa The Hague

Yote hayo yana thamani ikiwa kuna mlango wa kuingilia mahakamani. ICJ haisikizi kesi bila ridhaa ya nchi husika.

Uganda ilitoa tamko la kukubali mamlaka ya mahakama hiyo mwaka 1963, na Kenya mwaka 1965. Lakini tamko la Kenya lilitenga mizozo na nchi wanachama wa Jumuiya ya Madola, na Uganda ni mojawapo. Baadaye, mwezi Septemba 2021, siku chache kabla ya hukumu ya Somalia kusomwa, Kenya iliondoa tamko lake lote.

Kwa hivyo, Migingo haiwezi kufika The Hague ila kwa makubaliano maalumu kati ya Nairobi na Kampala, kama yale yaliyoipeleka Botswana na Namibia. Makubaliano ya namna hiyo hayadhalilishi nchi yoyote. Pia, Kenya ina kumbukumbu ya kugoma: mwezi Machi 2021 ilikataa kushiriki katika vikao vya mdomo vya kesi ya Somalia, na kesi ikaendelea bila yeye. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wapo wanaosema hukumu za The Hague ni karatasi tu kwa kuwa mahakama haina polisi. Mfano wa Uganda unawapinga. Mwaka 2005 ilipatikana na hatia ya kukiuka sheria katika vita vya mashariki mwa Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Ililipa awamu ya kwanza ya dola milioni 65 mwaka huo huo.

Mlango wa Arusha

Mzozo wa nchi mbili ni wa serikali. Lakini mvuvi aliyekamatwa au kunyang'anywa nyavu ni raia, naye hawezi kuishtaki serikali The Hague. Mahakama iliyo karibu naye ni ile ya Haki ya Afrika Mashariki (EACJ), yenye makao Arusha, iliyozinduliwa mwaka 2001. Chini ya Mkataba wa Jumuiya, mkazi wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka mkataba huo.

Upana wa mlango huo ulipimwa na kesi iliyofunguliwa na mwanasiasa wa Kisumu. Mwaka 2006, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo Mbunge wa Kisumu Mashambani na ambaye alichaguliwa gavana mwaka 2017, alikwenda Arusha pamoja na wenzake 10. Walilalamika kwamba wajumbe tisa wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki walikuwa wameteuliwa kupitia kamati, badala ya kuchaguliwa na Bunge kama mkataba unavyotaka.

Tarehe 27 Novemba 2006, mahakama ilizuia wajumbe hao wasiapishwe. Tarehe 30 Machi 2007 ikatoa hukumu: kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi, na kanuni zilizotumiwa zilikiuka Kifungu cha 50. Muhimu zaidi kwa waliofuata, ilisema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba haki yake binafsi imevunjwa au kwamba amepata hasara. Inatosha aonyeshe kwamba mkataba umevunjwa.

Lakini kabla ya hukumu ya mwisho kutolewa, nchi wanachama zilikuwa zimejibu. Mwezi Desemba 2006, wakuu wa nchi walitia saini marekebisho ya mkataba. Mahakama iligawanywa kuwa na Kitengo cha Awali na Kitengo cha Rufaa. Sababu mpya za kumsimamisha au kumwondoa jaji ziliongezwa. Na mlalamishi akapewa miezi miwili tu ya kufungua kesi, tangu tendo kufanyika au tangu alipolijua.

Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kilipopinga marekebisho hayo, mahakama ilikubali mwaka 2008 kwamba wananchi walipaswa kushirikishwa. Hata hivyo, haikuyafuta. Kwa maneno mengine, kesi ya Kisumu ilifungua mlango, na serikali zikaupunguza.

Kupunguzwa huko kuliwagusa watu halisi. Majaji walikuwa wamejenga hatua nzuri mnamo Novemba 2007 katika kesi ya Katabazi ya Uganda. Walisema kwamba, ingawa hawakupewa mamlaka ya kesi za haki za kibinadamu, hawataacha kutafsiri mkataba eti kwa sababu tu malalamiko yanagusa haki hizo. Shirika moja la Kenya lilitumia msingi huo kuwatetea walioteswa na kuuawa katika operesheni za Mlima Elgon. Kitengo cha Awali kiliikubali kesi mwaka 2011. Mwaka 2012, Kitengo cha Rufaa kikaitupa kwa sababu miezi miwili ilikuwa imepita.

Maji yenyewe

Kuna somo jingine ambalo wakazi wa Kisumu wanaliona kila gugumaji linapofunga bandari: ziwa lenyewe. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na zaidi ya tisa kwa kumi ni ya Tanzania na Uganda. Uchafu haujui mpaka.

Tarehe 20 Aprili 2010, katika kesi ya viwanda vya karatasi kati ya Argentina na Uruguay, ICJ ilitamka kwamba sheria ya jumla ya kimataifa sasa inaidai nchi ifanye tathmini ya athari kwa mazingira, pale ambapo mradi unaweza kuleta madhara makubwa kwa jirani, hasa katika rasilimali ya pamoja. Wajibu huo ulikuwa umetajwa katika mikataba kadhaa. Hukumu iliufanya kuwa wa kila nchi.

Arusha nayo ilifuata mkondo huo. Mwezi Juni 2014, Kitengo cha Awali kilizuia mpango wa Tanzania wa kujenga barabara ya lami kaskazini mwa Serengeti, kwa kutumia vifungu vya mazingira vya mkataba. Mto Mara unaopita katika mbuga hizo humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ina maana kwamba vifungu vilivyodhaniwa kuwa mapambo vinaweza kusimamisha tingatinga, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake ni Kisumu, ina sheria yenye meno ya kurejelea.

Yanayopaswa kufanywa

Kutokana na hukumu hizi, mambo matatu yanajitokeza kwa ufuo wa Kenya.

Kwanza, kila kitendo cha mamlaka ya kigeni ndani ya mpaka unaodaiwa na Kenya kinahitaji pingamizi la maandishi, lenye tarehe, kutoka kwa serikali. Hotuba ya mwanasiasa katika mazishi haihesabiki. Barua ya kibalozi huhesabika.

Pili, vikundi vya usimamizi wa fuo na maafisa wa uvuvi wa kaunti wanapaswa kutunza rekodi zao kama hati za shamba. Leseni, orodha ya vyombo na taarifa za doria ndizo zitakazosomwa na majaji, iwe ni miaka 10 au 50 ijayo.

Tatu, mvuvi aliyedhulumiwa na dola yoyote ya Jumuiya anapaswa kujua kwamba saa ya Arusha huanza kuhesabu siku ile ile. Malalamiko yanayozungushwa kutoka kwa chifu hadi kwa mkuu wa polisi, kisha kwa mbunge, humaliza miezi miwili kabla ya wakili kuonekana.

Hakuna hukumu hata moja iliyotajwa hapa inayotaja jina la Migingo. Lakini zikisomwa pamoja, zinasema jambo lililo wazi: mpaka wa mwaka 1926 una nguvu kuliko kambi ya polisi, mradi mwenye mpaka huo asikubali kunyamaza.